Samaki kwenye Matanga ya Mama

Mama aliomba kitu kimoja tu kabla hajafa: siku ya kumzika, watu wa kwao Mbumbuni wale samaki wake. Kule Mombasa watu walikuwa wakisimama juani kila Jumapili, wengine na watoto mgongoni, wakingoja meza kwenye hoteli aliyoianzisha na karai moja kando ya ufuo. Kwao hakuna aliyewahi kuonja. Kila Desemba alikuja na samaki, na kila Desemba aliambiwa akapikie nyuma ya choo, kwa sufuria yake mwenyewe, kwa sababu hapa kwetu samaki ni ndugu ya nyoka.

Basi wapishi wake walikuja na masanduku ya barafu. Walianza kuchoma changu na kuwapaka nazi asubuhi, kabla mwili haujafika kutoka mochari. Mjomba, kaka yake mama, akatoka nyumbani ameziba pua.

"Hiyo kitu haitagusa sufuria za kanisa."

"Haijagusa. Tuko na zetu."

"Watu wamekuja kuzika, wewe msichana. Hawajakuja kunusa bahari."

"Mjomba, hizo mabati umesimama chini yake ni samaki. Karo ya watoto wako ilikuwa samaki. Hiyo haikunuka?"

"Hako kamdomo ni ka mama yako," akasema, na wanawake wa kanisa wakachekea ndani ya leso.

Tukazika. Watu wakapanga foleni kwa muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa na nyama ya ng'ombe. Meza yetu ilikaa na nzi. Mchungaji, aliyekuwa ametoka kusifu bidii ya marehemu, aliwapita samaki wake kama mtu anayepita mzoga. Nilikuwa nimembeba mtoto wangu, maziwa yananivuja kwa nguo, na nilitaka kupindua hizo sufuria za kanisa zote.

Wageni walipoondoka, susu, mama yake mama, alikuja na fimbo yake akakaa karibu na makaa.

"Nipe kidogo."

Nilimpa nyama ya mgongoni, pasipo na mifupa. Akatafuna polepole sana. Akanyoosha mkono tena.

"Alikuwa ananibembeleza nionje," akasema. "Miaka yote hiyo."

Alinitazama, akingoja nimwambie haidhuru. Nilimwekea kipande kingine, nikaenda kumnyonyesha mtoto.