Mguu Chini ya Pazia

Mwaka wa 1972, nikiwa na miaka kumi, baba yangu alifariki na shida ikaanza. Nilikuwa darasa la pili. Mama alinitoa shule, nikaenda Suneka kubeba matofali kwa kichwa, na tangu siku hiyo sijakaa chini. Nasema mapema ili msomaji ajue anasoma habari za nani. Sikusoma. Lakini kila nilicho nacho nimekifanya kwa mikono hii, na nikimaliza kitu napenda watu wajue ni mimi. Matofali yangu yote yana herufi zangu mbili. Hata saruji ya mlango wa nyumba yangu niliichora kabla haijakauka. Mke wangu alicheka. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Sasa habari ya mguu.

Mama mkwe wangu anaishi upande wa Nyamira, juu kwenye chai. Ni mjane na ana ugonjwa wa sukari. Mwaka juzi alipata kidonda kwenye mguu wa kushoto, kando ya kidole kidogo. Nesi wa zahanati alisema kioshwe kila siku kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, kikaushwe, kifungwe bandeji safi. Kikiachwa, mguu utakatwa. Alisema hivyo bila kuzungukazunguka, na mimi nampenda mtu wa namna hiyo.

Kuosha ilikuwa kazi ya mke wangu. Halafu akateleza kwenye mteremko wa chai, akavunjika mkono, tukamrudisha Suneka na plasta hadi juu ya kiwiko. Shemeji zangu wako Nairobi na wake zao. Majirani, mama aliwakataa: kidonda kinanuka, kesho soko zima litajua.

Mke wangu alinitazama.

"Mzee, mguu wa mama utakatwa."

"Nitamlipa nesi awe anapita."

"Nesi ni mmoja. Wagonjwa ni mlima mzima."

"Kwa hivyo niende mimi? Mimi?"

Kwetu kuna kitu kinaitwa chinsoni. Ni heshima, na ni aibu pia, vyote pamoja. Mkwe hamshiki mama mkwe mkono. Haoni kitanda chake. Tangu nipeleke ng'ombe wa mahari, mimi na yule mama tulikuwa tunasalimiana kwa mbali, kila mtu akiangalia chini. Na sasa nimshike mguu?

Nilitoka nje nikazunguka tanuri yangu ya kuchomea matofali mpaka vijana wangu wa kazi wakaanza kuniangalia. Kilichonisumbua ni hiki. Kanisani kwetu, kabla ya Meza ya Bwana, tunatawadhana miguu, wanaume upande wao na wanawake upande wao. Na niseme ukweli: kila mtu huja ameshajisugua nyumbani kwa sabuni na jiwe, na soksi mpya juu. Unaosha mguu msafi wa rafiki yako, mnaomba, mnakumbatiana, basi. Miaka yote hiyo nilikuwa najihesabu mtu wa upendo.

Nikawasha pikipiki.

Mlango wake ulikuwa wazi kidogo. Nilibisha.

"Nani?"

"Ni mimi, mama. Mume wa binti yako. Nimekuja kuosha kidonda."

"Rudi kwako! Heri mguu huu ukatwe kuliko mkwe wangu aushike!"

"Mama, chinsoni haitakubeba kwenda kanisani!"

Nilisikia kiti kikiburutwa.

"Shemasi wetu alisema atapita leo," akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Labda ndiye huyo yuko mlangoni. Macho yangu siku hizi hayaoni vizuri."

Mimi si mwepesi wa kuelewa. Nilisimama pale kama mti. Ndipo nikaona pazia la chumbani likivutwa, na chini yake mguu ukatokea, peke yake, umefungwa kitambaa.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Ni shemasi."

Kulikuwa na beseni la bluu jikoni. Nilichemsha maji, nikaweka chumvi, nikapiga magoti. Harufu ilinipiga usoni. Nikaosha.

Tukaendelea hivyo kila siku. Asubuhi nawasha tanuri au napakia lori, mchana napanda mlima. Na mama, akishajua anaongea na shemasi, alifungua mdomo.

"Shemasi, unamjua mkwe wangu?"

"Kidogo."

"Ana kiburi, huyo! Siku ya kuposa alituhesabia matofali yake kabla hajasalimia watu."

"Labda aliogopa."

"Aogope nini, yule? Polepole, shemasi, huo ni mguu, si tofali."

Nikaendelea kuosha, taya zikiniuma. Nirudi Suneka, huko nako kumechacha. Watu walishaona pikipiki yangu ikipanda Nyamira kila mchana. Rafiki yangu wa ujana alinishika bega sokoni.

"Wee mzee, tuambie tu. Umeoa wa pili?"

Wakacheka wote. Mzee wa kanisa naye alinivuta pembeni, sura imekunjika, akaniuliza nina nini huko. Nikisema, mama ameaibika mlima mzima. Nikamwambia nina kazi. Hakuniamini. Usingizi ulipotea. Nilijenga ukuta wa zizi ambao hakuna mtu aliuhitaji, kwa sababu mikono haikutulia.

Kuna wiki nyama ilikuwa nyeusi na nesi akatikisa kichwa. Wiki hiyo mama hakunisema vibaya. Alinong'ona tu nyuma ya pazia, "Shemasi, usichoke." Sikuchoka. Niliomba nikiwa nimeshika mguu wenyewe, bila maneno mazuri. Polepole ngozi ya waridi ikaanza kuingia kutoka pembeni, na siku moja nesi akasema bandeji basi.

Sabato iliyofuata mama alitembea mwenyewe hadi kanisani kwao. Mimi na mke wangu tulikaa nyuma, kwenye benchi la wageni. Mama akasimama, akamshukuru Mungu na "shemasi aliyeniosha." Shemasi wao ni fundi wa saa, mikono laini. Aliangalia huku na huku kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake. Watu wakampigia makofi! Nilishika benchi. Ulimi ulikuwa tayari. Mke wangu akaweka plasta yake juu ya goti langu, nikabaki nimekaa.

Mlangoni mama alinipita kwa mbali, macho chini, kama zamani. Akamwambia binti yake kwa sauti, "Kuna beseni kwangu, shemasi amelisahau. Mpe mume wako alichukue. Nimeona mikono yao inafanana kwa ukwaruzo."

Sijatulia bado. Hata kuandika haya, huenda ni kutafuta makofi yale. Mama hasomi, lakini wapo wanaosoma. Nimechana kurasa hizi mara nyingi na kuziandika tena.

Leo nina nyumba ya matofali ya vyumba vinne, tanuri mbili, pikipiki, ng'ombe wawili wa maziwa, zizi lenye ukuta usiohitajika, shamba dogo la migomba, mke mwenye mkono uliopona, na beseni la bluu lisilo na herufi zangu.