Kiberiti cha Mpiga Risasi

Kila Alhamisi, mpiga risasi wa kiwanda alichagua tangi moja la mafuta ya ndege kati ya yale ambayo Hilda na wenzake walikuwa wameyavisha mpira wiki nzima, akalijaza petroli, akalitoboa kwa risasi moja. Kisha alizunguka nyuma, upande risasi ilikotokezea, akalisugua tundu kwa kidole gumba na kukinusa, mkono wa pili ukipapasa kiberiti mfukoni. Sigara alikuwa havuti, na viberiti vilipigwa marufuku tangu getini; Hilda hakumwelewa kamwe. Mpira wa ndani ukilowa petroli huvimba, ukaliziba tundu, ili ndege ikipigwa risasi isiwake moto. Ukiziba, mzee huyo huguna tu, “Mm,” na Hilda akashusha pumzi.

Alhamisi moja ya vita, tundu halikuziba sawasawa.

“Matone mawili matatu tu hayo, mzee,” alisema meneja, Bwana Entwistle. “Ndege zinasubiri. Pitisha.”

Mpiga risasi alilitazama tangi, akamtazama meneja, akamtia kiberiti kiganjani. “Haya, bosi. Washa.”

Meneja alikitupa kama kaa la moto, akarudi nyuma hadi akajikwaa kwenye ndoo ya mchanga. “Una wazimu wewe!”

“Mbona wakimbia? Si matone mawili matatu tu?”

Matangi yote ya wiki ile yalirudishwa kwa akina Hilda wayafumue, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyenung’unika. Hilda ndiye aliyekiokota kiberiti. Kilikuwa chepesi ajabu. Alipokifungua, hakukuta hata njiti moja.