Kupima Atomi Zikiwa Kazini: Kutoka Chanika Hadi Kunduchi

Nilisafiri kwa sababu ya swali moja la mtahini. Katika tasnifu yangu ya kemia nilikuwa nimeeleza kichocheo nilichokitengeneza mwenyewe: unga wa mkaa wa vifuu vya nazi, na juu yake atomi za paladiamu, metali ya bei mbaya, zikiwa zimekaa mojamoja bila kushikana. Kichocheo hicho huharakisha kuungana kwa molekuli zinazotumika kutengenezea dawa. Mtahini aliandika pembeni: "Una hakika kazi inafanywa na atomi zilizokaa kwenye mkaa, si zilizobanduka zikaingia kwenye kimiminika?"

Hakika nilikuwa nayo. Kila nilipopima kimiminika baada ya kazi kwisha, sikukuta paladiamu. Ila sikuwahi kukipima kazi ikiendelea, na bila jibu tasnifu isingepita.

Saa kumi na mbili asubuhi nilimuaga baba, mwalimu mstaafu, nyumbani kwetu Chanika. Alinifungulia geti akaniuliza, "Unakwenda kuwaonyesha kwamba hujakosea?"

"Nakwenda kuwaonyesha, baba."

Saa mbili na nusu nilikuwa Manzese, kwenye karakana ya Chande, fundi mkereza vyuma. Nilikuwa nimemwagizia kiungio chenye tundu jembamba, cha kuunga mrija wa chupa yangu ya majaribio na mashine ninayoiendea.

"Sista, mie nimekereza vipuri vya kila aina," alisema, "ila tundu dogo hivi ndo mara ya kwanza. Linapitisha nini?"

"Matone, niyapime yakiwa bado ya moto."

Alikielekeza kiungio kwenye mwanga, akachungulia, hakuridhika. Alikirudisha kwenye mashine na kukisugua tena. "Sasa nenda nacho. Hakivuji hicho."

Hapo nilipanda basi la mwendokasi mpaka Ubungo, nikaunganisha gari la Tegeta, nikashuka Mtongani. Unga wangu, kama kijiko kimoja tu, ulikuwa kwenye kichupa, ndani ya mfuko wa shati. Nilikuwa nikiugusa kila kituo.

Saa tano kasoro niliingia kwenye maabara ya Kunduchi. Kazi yao ni kupima mabaki ya dawa kwenye samaki, na wanayo spektromita ya tungamo, mashine inayopima uzito wa molekuli na atomi zilizotiwa chaji. Msimamizi wake ni Bi Somoe, mama wa Kimtwara, mpole wa sauti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo ndo shughuli yenyewe? Haya, tuanze na kimiminika kitupu. Tusije tukasingizia mkaa wako uchafu wa mashine yangu."

Kitupu kilikuwa safi. Nikatia unga, nikawasha moto, kiungio cha Chande kikapitisha bila kuvuja. Paladiamu ina atomi za uzito wa aina sita, kwa hiyo ikiwapo, skrini huonyesha vilele sita vilivyopangana, huwezi kuvifananisha na vya metali nyingine.

Dakika ya tano, hakuna kitu. Nikatabasamu. Dakika ya kumi vilele sita vilisimama.

"Labda sindano ilikuwa chafu," nilisema.

Bi Somoe hakubishana. Alibadilisha sindano, tukarudia upya toka mwanzo, kwa kitupu kwanza. Dakika ya kumi vilele vikasimama palepale. Ilipotimia saa nzima tangu kuwasha moto vilikuwa vimefifia, na chupa ilipopoa havikuwapo kabisa. Ndipo nikaelewa vipimo vyangu vya miaka yote: nilikuwa nikifika wakati watu wameshaondoka.

"Kumbe zinatoka, halafu zinarudi kwenye mkaa!" nilisema, moyo ukinipanda.

"Kutoka tumeona," Bi Somoe alisema. "Kurudi umekuona wapi? Huenda zimegandia kwenye kioo cha chupa. Sie hapa tunaandika tulichokipima."

Alasiri nilikuwa njiani kurudi. Pale Mwenge nilimpigia Dokta Neema, msimamizi wangu, kabla ujasiri haujaniishia.

"Dokta, mtahini alikuwa sahihi kuuliza. Atomi zinabanduka."

"Hiyo ni sura nzima ya nne, Upendo."

"Najua. Naiandika upya. Nina vipimo vya kila dakika tano, mara mbili, na kitupu chake. Zinakokwenda baadaye sijui bado, nitasema hivyo hivyo."

"Utasimama na hilo mbele ya jopo?"

"Nitasimama nalo vizuri kuliko lile la mwanzo."

Jua likiwa linatua nilimkuta baba anamwagilia mchicha. Nikamwambia nilikuwa nimekosea, na jinsi nilivyojua. Akaweka ndoo chini, akataka nianze na dakika ya kwanza. Nikamchorea vile vilele sita kwenye udongo, kwa kijiti, kimoja kimoja. Nimejifunza kwamba kichocheo hakihojiwi baada ya kazi. Kinahojiwa kikiwa kazini, na mwulizaji awe tayari kujibiwa.