Muadhini wa Andilana Hakuwa na Haraka

Nakumbuka alasiri moja nyumbani kwetu Mahajanga, mwanangu, na kila nikiikumbuka naona haya upya, ijapokuwa wote walioishuhudia, isipokuwa mimi na dada yangu, wameshatangulia mbele ya haki. Sikukusudia kuisimulia. Lakini juzi nilikuwa nimekaa barazani navuta uradi wangu, nikakusikia uani ukimfokea mwenzako aliyeko Nosy Be, yule mnayetunga naye nyimbo kwa simu. "Unachelewa! Huna sikio! Kila siku unaniharibia!" Ukamrekodia maneno hayo, ukayatuma, ukaenda kula. Uradi ukanipotea, nikaanza tasbihi upya mara tatu. Basi kaa hapa. Weka simu chini. Igeuze, nisiione ikiwaka.

Mnadhani kutunga wimbo na mtu aliye mbali kumeanza na nyinyi. Sisi tulifanya hivyo mwishoni mwa miaka ya sabini, kwa kaseti mbili na redio zake. Mimi nilikuwa karani bandarini, nikirudi kazini napiga gitaa sebuleni, mama akilalamika kwamba chai inapoa. Mwimbaji alikuwa Madi, mtoto wa mama yangu mkubwa, tuliyelelewa naye nyumba moja tangu tukiwa wadogo. Alikuwa na sauti nzito, pana, isiyokimbilia popote. Alipooa, alihamia Andilana, kule Nosy Be, kwa wakwe zake. Miaka ile watu wetu wengi wenye asili ya Komoro walikuwa wameondoka Mahajanga na Madagaska baada ya zile fujo, na nyumba nyingi zilikuwa kimya. Yetu ilikuwa kimya zaidi kwa sababu ya Madi.

Ndipo dada yangu Eshati akachumbiwa, harusi ikapangwa baada ya mwezi wa kufunga. Eshati akatangaza mbele ya mama, "Siku hiyo natoka ndani kwa sauti ya Madi, ama sitoki. Bwana harusi atasubiri mlangoni mpaka aote mvi." Tulicheka, lakini tulimjua. Madi mwenyewe hakuweza kuja, mkewe alikuwa na mimba ya kwanza na hakutaka kumwacha. Basi tukakubaliana alete sauti yake.

Mama akatunga maneno kwa Kikomoro, akaanza kwa kumsalia Mtume. Mimi nikapiga gitaa na kulirekodi. Kaseti nikaipeleka Amborovy, kwenye kiwanja cha ndege, nikasimama mlangoni nikiwatazama abiria usoni mpaka nikamwona mama mmoja wa heshima, nikamwomba aichukue. Madi alitakiwa alisikilize gitaa, alishike moyoni, kisha aimbe peke yake kwenye kaseti ya pili, airudishe. Mimi ningeipiga kaseti hiyo kwenye redio moja, nikiifuata kwa gitaa, na redio nyingine ingetuchukua sote wawili. Kwenda na kurudi kulichukua wiki tatu, nne. Nyinyi mkisubiri nusu saa mnaona mmeonewa.

Kaseti ya Madi ikafika. Nikaitia katika redio yangu, niliyokuwa nimeichomeka kwenye umeme wa mjini. Yarabi! Sauti nyembamba, inakimbia kama mtu anayefukuzwa. Ule wimbo wa mama, uliotakiwa kutembea kama bibi harusi, ulikuwa ukiruka kama mbuzi. Gitaa langu halikuweza kuufuata wala kulingana nao. Nikamrudishia jibu: "Madi, punguza mwendo. Na shusha sauti. Lisikilize gitaa vizuri kabla ya kuimba."

Ya pili ikaja. Inakimbia zaidi.

Hapo nilikasirika, mwanangu, na hasira yangu ilikuwa ya aina mbaya, ile inayojiona ina haki. Nikasema, huyu hasikilizi. Ameshapata wakwe na bahari, harusi ya dada yetu haimhusu tena. Nikamwambia tena asikilize, mara kumi, mara ishirini, mpaka kidole kimuume kwa kubonyeza. Ya tatu ikaja, nayo ilikuwa mbaya kuliko zote. Isitoshe, katikati ya ubeti wa mwisho adhana ilianza kusikika kutoka msikiti wa kijiji, Madi akanyamaza, na adhana ikaendelea kwenye kaseti kwa sababu hakuzima. Nilikuwa nikifika hapo nazima mimi. Nikaona ni uzembe mwingine, hata wakati wa kurekodi hajui kuuchagua.

Ndipo nikafanya kosa lenyewe. Sikuandika barua. Barua ungeiandika, ukalala, asubuhi ukaichana. Mimi nilibonyeza kitufe, nikaongea katika kaseti kwa ukali wote niliokuwa nao. Nilimwita mvivu. Nilisema amesahau nyumba iliyomlea. Nikamaliza kwa kusema, kama hawezi aseme, nitatafuta mwenye sauti. Nikaituma kwa msafiri siku ile ile, nikarudi nyumbani nimepoa, nimeridhika, na nikala wali sahani mbili.

Zikiwa zimebaki siku kumi na mbili kufika harusi, jibu likaja kwa karatasi. Maneno machache: "Ndugu yangu, nimefanya kila ulichoniambia. Sijui tena nifanye nini. Mtafute mwenye sauti. Msalimie mama na Eshati."

Eshati aliisoma, akaikunja, akaingia chumbani, akafunga mlango. Kesho yake alasiri akaja Fundi Halidi, mzee aliyetufundisha Kurani sote wawili, mimi na Madi. Alikuja kwa mambo ya ndoa, akaukuta msiba. Hakupenda gitaa hata kidogo, na masikio yake yalikuwa mazuri kuliko yangu. Mama akamshtakia. Nami, kwa kiburi cha mwenye ushahidi, nikaileta redio mezani.

"Sikiliza mwenyewe, Fundi. Kisha unihukumu."

Nikaipiga ile kaseti ya tatu. Fundi alisikiliza huku akitafuna mkate wa nazi, uso umekunjamana. Madi akakimbia, akakimbia, akafika kwenye ubeti wa mwisho, akanyamaza. Adhana ikaanza. Nikanyoosha mkono nizime, kama nilivyozoea. Fundi akanipiga kofi la mkononi.

"We mtoto! Unaizima adhana?"

"Fundi, ni kaseti tu."

"Nyamaza."

Akautua mkate, akakaa sawa, akaanza kumwitikia muadhini, neno kwa neno, kama alivyofanya maisha yake yote. Lakini hakuweza kumfikia. Kabla hajamaliza neno moja, muadhini ameshafika la tatu. Fundi akaongeza mwendo, akapaliwa, akakohoa, mama akamletea maji. Adhana ikaisha Fundi akiwa bado nusu ya njia.

Akafuta ndevu, akaniuliza taratibu, "Huyu ni nani?"

"Muadhini wa Andilana. Mzee Kombo."

"Kombo! Nimesoma naye chuo kimoja. Kombo akiadhini unaweza kuoga, ukavaa, ukafika msikitini, naye bado hajamaliza. Leo amekuwa kifaranga?" Akaniinamia. "Na yeye umeshamwambia apunguze mwendo? Na yeye umemwita mvivu?"

Mlango wa chumba ukafunguka. Eshati alikuwa akisikiliza muda wote nyuma yake.

"Betri," akasema.

"Betri zimefanya nini?" akauliza Fundi.

"Redio ya jikoni betri zikichoka, kaseti inazunguka polepole, mwimbaji anakuwa kizee. Si ndiyo? Basi Andilana hakuna umeme. Madi akirekodi kwa betri zilizochoka, kaseti inazunguka polepole wakati wa kumchukua. Wewe unakuja kuipiga hapa kwa umeme, inazunguka kwa nguvu. Lazima akimbie! Hata ng'ombe wa Andilana angekimbia!" Akanigeukia. "Miezi minne, kaka. Miezi minne unamtesa mtu kwa ajili ya betri!"

Ikanijia yote kwa pamoja, mwanangu, kama maji ya ndoo. Betri mpya zilikuwa hazipatikani ovyo miaka ile; watu walizianika juani ili zipate uhai kidogo. Madi alikuwa na seti moja tu. Nami nilimwambia asikilize gitaa mara kumi, mara ishirini, ndipo aimbe. Alinitii, ingawa mwendo wa gitaa alikuwa ameushika moyoni tangu mara za kwanza, betri zikiwa bado na nguvu. Kila alivyotii, ndivyo zilivyochoka. Kaseti ya kwanza ilikimbia kwa sababu alisikiliza, ya pili kwa sababu alisikiliza zaidi, ya tatu kwa sababu alisikiliza mpaka redio ikaishiwa. Naye mwenyewe akijisikiliza kwa betri zile zile, alijisikia sawasawa. Kule nilikoona uvivu ndiko kulikokuwa na bidii yake yote.

Nilitaka kulia. Eshati hakunipa nafasi. "Utalia baada ya harusi. Leta betri mbovu."

Betri nzima hazikuwepo, lakini mbovu zilijaa mtaani. Watoto wakapita nyumba kwa nyumba, na jirani mmoja akauliza kama tumerukwa na akili, harusi gani hii inayochangiwa betri zilizokufa. Tukazimwaga mezani. Tukaichomoa redio kwenye umeme, tukatia betri hizi, tukatoa, tukatia zile, tukachanganya mbili zilizochoka na mbili zilizochoka zaidi, na kila mara tunaipiga ile adhana. Fundi Halidi ndiye aliyekuwa hakimu.

"Bado ana haraka." Tunabadilisha. "Sasa amelala." Tunabadilisha. "Mh, huyu si Kombo, huyu ni mdogo wake." Mpaka jua lilipokuwa likielekea kushuka, adhana ikatoka nzito, ndefu, imetulia, na Fundi akafumba macho akaiitikia mpaka mwisho bila kupaliwa. Akasema, "Alhamdulillahi. Huyo ndiye."

Nikairudisha kaseti mwanzo, na Madi akaingia sebuleni. Sijui nikueleze vipi. Ile sauti pana, isiyokimbilia popote, ilikuwepo pale pale. Mama aliinuka akaenda jikoni, akakaa huko. Nikachukua gitaa. Sikubadilisha hata uzi mmoja. Alikuwa amelingana nalo tangu mwanzo, kila mahali, bila kukosea hata mara moja.

Eshati alitoka ndani kwa sauti ya Madi. Katikati ya ubeti wa mwisho, pale Madi aliponyamaza kwa adhana, nilizima, na wanawake wakaupokea wimbo kwa matari wakaumaliza. Bwana harusi hakuota mvi. Watu walisifu. Kila sifa ilinichoma.

Wiki iliyofuata nilifunga safari kwenda Nosy Be, na seti ya betri mpya niliyoitafuta mpaka kwa mabaharia. Nilidhani nitamvuta Madi pembeni, nimwombe radhi, tucheke, yaishe. Nilipofika uani kwao Andilana, baba mkwe wake alinipokea kwa adabu, akanipa kiti, akaniuliza habari za nyumbani. Kisha akasema, "Kwa hiyo wewe ndiye yule wa kwenye kaseti."

Hapo nikafahamu jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Kaseti yangu ilipofika, Madi aliifungulia uani, kwa furaha, watu wote wakae wasikie gitaa la ndugu yake. Baba mkwe alikuwepo. Mama mkwe, mashemeji, majirani. Wote wakakaa wakasikia Madi akiitwa mvivu na msahaulifu wa wema, naye Madi, mtu mzima, hakuwa na pa kutazama.

Madi akasema, "Baba, yameshapita."

Mkewe, kitoto kichanga begani, akasema, "Hayajapita. Ayaseme pale pale alipoyasemea."

Nikasimama katikati ya ua, mbele yao wote, nikaeleza habari ya betri tangu mwanzo mpaka mwisho. Nikasema Madi hakuwa mvivu, mimi ndiye niliyekuwa sijui na sikuuliza. Baba mkwe alikuwa mzito kidogo wa kusikia, akasema, "Rudia, mwanangu, hiyo ya mwisho." Nikairudia. Madi akaanza kucheka, akanikumbatia, akanisamehe kweli. Hakuwa mtu wa kusamehe nusu. Tulikula pamoja, nikaona redio yake, na betri zake zimepangwa ukutani juani.

Lakini nilipomwomba tumalizie ule ubeti, alitikisa kichwa. "Ukiwa mbele yangu nitakuimbia mpaka uchoke," alisema. "Ndani ya chombo, hapana tena. Nikikikaribia koo linafunga." Nikadhani litapita. Halikupita mpaka alipofariki. Ninao wimbo wake mmoja tu, haukuisha, na aliyeukata si adhana, mwanangu. Ni mimi.

Sasa nisikilize, maana sitarudia. Mtu aliye mbali huioni mikono yake. Hujui anafanya kazi na nini, amekaa wapi, nani anamwita, kitu gani kimemwishia. Kabla ya kumlaumu, muulize: una nini huko? Mola ametukataza dhana mbaya, tukadhani amewahurumia wale wanaodhaniwa tu. Ametuhurumia na sisi tunaodhani. Kitu cha mwenzako kisipokaa sawa, kisikilize mpaka mwisho, hata pale panapokuudhi, kwa sababu huenda ukweli umekaa papo hapo unapopazima. Na hasira usiirekodi. Ukiwa na la ukali, subiri umwone uso wake. Sauti ukishaituma huna mamlaka nayo, hujui itafunguliwa uani kwa nani, mbele ya mkwe yupi.

Mpigie mwenzako sasa hivi, kabla hajaacha kuimba. Kama alikuwa na watu alipoyasikia maneno yako, ongea nao pia. Mola akulainishie ulimi, akutangulizie swali kabla ya lawama, awahifadhi wote mnaofanya nao kazi njema kwa mbali, na akujaalie uzee usio na wimbo wa kujutia. Amina, mwanangu.