Maana Zote za "Comfortable"

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa sketi ya bluu, beji, na neno moja la Kiingereza. Ilikuwa hoteli ya watalii ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, kwenye baridi ya kugonganisha meno, nami nilikuwa binti wa kijiji cha Daa aliyemaliza kidato cha nne juzi tu. Meneja alinisimamisha mapokezi akasema, "Mgeni akiuliza chochote, wewe mwambie ni comfortable." Nikauliza, chochote kama nini? "Kitanda, kiti, gari, njia ya kushukia kreta. Vyote."

Nilijifunza neno lile kwa kulitumia. Godoro likiwa hivyo, ni laini. Viatu, havibani. Gari, lina nafasi ya kunyoosha miguu. Mgeni akisema jirani yake kule kwao ni mtu wa namna hiyo, anataka kusema anajiweza. Akikuuliza kama uko hivyo na jambo fulani, anauliza kama huna kinyongo. Kamusi ya mapokezi iliandika "-a starehe" ikaishia hapo, na wenzangu waliridhika nayo. Mimi sikuridhika. Nilikuwa na kiburi cha maneno, na nakikiri kwa sababu ndicho kilichonipatia kazi ya pili.

Kazi ya pili ilikuwa ukalimani katika hospitali moja Karatu. Madaktari wengi walikuwa wageni wa kujitolea, na wagonjwa wengi walikuwa wazee ambao Kiswahili kiliwapita mbali. Kiiraqw ni lugha yangu. Kimaasai nilikipata kwa bibi mzaa mama, aliyeolewa Daa kutoka Ngorongoro.

Matroni, mama mfupi mwenye sauti ya kuamrisha hata anaposalimia, alinifundisha kazi kwa asubuhi moja. Mkalimani husimama nyuma ya bega la daktari, ili mgonjwa amtazame daktari. Daktari akisema "mimi", na wewe unasema "mimi". Mgonjwa akiuliza swali, hulijibu hata kama jibu unalijua, unalipeleka kwa daktari. "Wewe ni bomba tu," aliniambia. "Ukianza kuwa na maoni, umeziba."

Lakini matroni huyohuyo alinipa sheria nyingine ambayo haikuandikwa popote. "Usiwe wewe wa kwanza kutaja kifo mbele ya mgonjwa." Hakuhitaji kunieleza sababu. Kwetu, Wairaqw na Wamaasai pia, anayetaja kifo cha mtu aliye hai huonekana anakiita. Kwa hiyo tulizunguka. Tulisema mzee amechoka, tulisema dawa zimefanya zilichoweza. Jamaa wenye umri walielewa mara moja wakaanza kuitana. Vijana waliosoma shule hawakuelewa, walichukua maneno kama yalivyo, na sisi hatukujisumbua kuwafafanulia.

Wodini neno langu la hotelini lilibadilika. Mara nyingi lilimaanisha mgonjwa hana maumivu. Ila daktari aliposema sasa tutamweka comfortable, alimaanisha matibabu yamekwisha, imebaki mofini na kusubiri. Niliijua maana hiyo vizuri kama jina langu.

Kiangazi kimoja, nikiwa na miaka mingi kazini, aliletwa mzee kutoka Ngorongoro, saratani imemziba koo, hata maziwa hayapiti. Mwanawe mdogo, Lemayani, alimuuguza kwa upole ambao sikuuona kwa mabinti wengi. Siku ya pili alinieleza kilichomkalia rohoni. Kaka yake mkubwa alikuwa amemwinulia baba yao fimbo, miaka mingi nyuma, na baba akamlaani. Kaka akahamia mbali, Samunge. Sasa mzee alitaka kuiondoa laana ile, na hakuna wa kuiondoa isipokuwa yeye, kwa kinywa chake, huku akimtemea mwanawe mate ya baraka. Kwa jambo kama hilo mtu haitwi kwa simu. Lazima aende mtu wa nyumbani kumleta.

Asubuhi iliyofuata daktari alimpima mzee, akamfunika vizuri, akasema neno lile, akahamia kitanda cha pili.

"Atatulia," nikatafsiri kwa Kimaasai. "Hatasikia maumivu."

Lemayani alinitazama mimi, hakumtazama daktari. "Yeyo," akaniita, yaani mama, "kwa hiyo anapata nafuu? Ng'ombe hawana maji. Nataka niwashushe mtoni kwanza, siku nne, halafu nipande Samunge. Au niende Samunge leo?"

Daktari alikuwa hatua tatu kutoka kwangu. Swali lile lilikuwa lake, na kazi yangu ilikuwa kulipeleka. Lakini mzee alikuwa macho, anatusikiliza, na nilijua jibu litakalorudi nitalazimika kulisema mimi, mbele yake, kwa lugha yake.

"Atatulia," nikarudia. "Nenda salama, mwanangu."

Mzee alikufa siku ya tatu tangu Lemayani ashuke na ng'ombe. Muuguzi wa zamu aliniambia kwamba tangu alfajiri alikuwa akitaja jina moja tu, na halikuwa la Lemayani.

Nilikwenda kwa mganga mfawidhi, yaani daktari mkuu wa hospitali, nikamsimulia yote. Alinisikiliza huku anasaini fomu. "Ulitafsiri sawasawa," akasema. "Neno ni hilo." Nilitoka pale nikiwa na hasira, maana nilikuwa nimekwenda kuadhibiwa.

Yule kaka alifika baada ya maziko. Alinisubiri getini mpaka nilipotoka kazini, mtu mrefu, shuka limejaa vumbi la njia.

"Wewe ndiye uliyesema na mdogo wangu?"

"Ni mimi."

"Ulijua baba anakufa?"

Nikamwambia neno la daktari lina maana nyingi. Nikaanza hata kumtajia.

"Na wewe ulikuwa unazijua zote," akasema. Hakupaza sauti. Aliaga kwa heshima, akaondoka.

Nilifanya kazi miaka kumi na moja baada ya siku ile, na kila swali nililipeleka kwa daktari, hata lililoniumiza, hata mgonjwa akiwa macho. Jamaa wengine waliniita mchawi. Nilistaafu, wakaniaga kwa keki na kanga. Vijana wanaofanya ukalimani leo wana simu inayowapa maana kumi kwa mara moja, na wananionea huruma kwa tulivyohangaika na kamusi. Nawaacha waamini hivyo.

Mwaka jana Lemayani alinipigia. Kaka yake alikuwa anamtahiri mwanawe wa kwanza, na wazee wa ukoo wamekataa kuja kumbariki kijana wa mtu aliyekufiwa na baba akiwa bado na laana. Akaniomba niende niketi nao, niwaeleze wazee kwamba baba alitaka kuiondoa, na kwa nini haikuondolewa. Alisema mimi ndiye shahidi pekee aliyebaki ambaye si ndugu.

Nikamjibu kwamba miguu inanisumbua, safari ya Samunge siiwezi.

Miguu yangu ni mizima. Kila Jumapili naenda kanisani na kurudi kwa miguu, na kule ni mlimani.