Akeyo na Oili Arobaini

Pale Kamanga, ukiuliza mashine ya kusaga ya Akeyo utaonyeshwa kwa kidole, na mwingine ataongeza: "Ya yule mwanamke mkorofi?" Mkorofi, ndiyo. Asingekuwa mkorofi angeshanyang'anywa ile injini siku mumewe Jairo alipozikwa, maana shemeji yake Ogweno alikuja kutoka Rorya akitaka kumrithi yeye na mashine pamoja. Akeyo alimjibu mbele ya wazee kwamba yeye si jembe la kupokezana. Huu mwaka wa kumi na tisa, wawili hao husalimiana kwa kukunja uso.

Injini yenyewe ni dizeli ya zamani. Ringi zimelika, inakula oili, inatoa moshi wa bluu. Ilipokuwa mpya ilitumia oili namba thelathini. Ilipoanza kuchoka Akeyo akapanda hadi arobaini, nzito kidogo, ya kuziba pale palipolika. Hapo akasimama. "Ikizidi uzito haipandi juu asubuhi," husema. "Chuma kitasagana kikavu."

Asubuhi moja ya Julai, baridi ya ziwa inauma, wanawake wamepanga mabeseni ya udaga, mihogo yao mikavu ya kusaga, Akeyo alishika hendeli akazungusha. Ikagoma. Akachomoa kijiti cha kupimia, akasugua tone kati ya vidole, akanusa. Ilivutika kama asali na kunuka kama yai viza. Oili ya gia!

"Nani kagusa injini yangu?"

Ogweno alikuwa mlangoni na Mashimba, mnunuzi wa mashine kutoka Kisesa. "Mimi. Jana mchana, ulipokuwa kwaya. Mbona ilitulia kama mtoto aliyeshiba? Hata moshi ukaisha. Wewe na arobaini yako mnaua mali ya kaka yangu."

"Ilitulia kwa sababu ilikuwa ya moto, oili nzito ikalainika. Na umeituliza ili umdanganye huyu baba."

"Basi washa, shemeji! Unaogopa nini?" Akawageukia wanawake. "Mtazameni bibi fundi! Leo mtalala njaa."

Ng'washi, wa kwanza kwenye foleni, akaguna. "Mama, watoto wanangoja. Washa tu."

Akeyo akaitazama injini, akaitazama foleni. Akiwasha, injini itanoki, na Ogweno atasema imefia mikononi mwake, aiuze kama vyuma chakavu. Asipowasha, wateja watahamia kwenye mashine ya umeme kule juu, wasirudi.

Akapiga goti, akafungua nati ya chini. Oili ikatoka polepole kama kamba nyeusi, ikajikunja ndani ya beseni. Wanawake wawili wakajitwisha udaga wao, wakaenda zao. Ogweno akacheka mpaka akakohoa.

Akeyo akasuuza kwa arobaini kidogo, akaimwaga, akajaza nyingine. Akazungusha. Kimya. Akazungusha tena, kwa mwili mzima. Injini ikapiga chafya, ikanguruma na kelele zake zote za uzee, moshi wa bluu ukamvaa Ogweno usoni.

Mashimba alisikiliza kidogo. "Uliniambia haina moshi," akasema, akashuka kungoja pantoni.

Akeyo akaburuta lile beseni mpaka miguuni pa shemeji yake. "Beba ulichokuja nacho. Na ufunguo ulioingilia jana, uache hapa."

Ogweno akautupa chini, akaondoka bila kuaga. Beseni hakuligusa.

"Ng'washi, mimina udaga wako," akasema Akeyo, akiuokota ufunguo. "Na siku nyingine usinifundishe kuwasha."