Sawa ya Khalto

Mtu akinitukana mimi, naweza kucheka. Akimgusa khalto, hapo tumeanza. Khalto ni mama yangu mdogo, hivyo ndivyo tunavyoita huku Juba. Kwa hiyo siku ile mwalimu mkuu aliposimama katikati ya uwanja wa shule, akatazama nyasi aliyoikata khalto na kusema, "Mama, hapa pamenyolewa na kinyozi mlevi," damu ilinipanda mpaka masikioni.

"Kinyozi mlevi ni nani, Mwalimu?" nikauliza.

Khalto akanivuta shati kwa nyuma. "Ya jena, mtoto wewe, nyamaza. Wewe iko na mdomo mrefu. Angalia nyasi kwanza."

Nikaangalia. Ilikuwa ngazi tupu. Kila alipopita na trekta ya kukatia, upande mmoja nyasi imebaki ndefu, upande mwingine imekwanguliwa hadi udongo mwekundu unakutazama.

Mwalimu mkuu ni mwanamke Mkenya, na hapandishi sauti kamwe, ndiyo maana anatisha. Alisema Jumamosi wazazi wanakuja. Uwanja ukibaki hivi, trekta itauzwa na wanaume wa kufyeka kwa slasha watarudi. Kisha akanyoosha mkono, khalto akampa ufunguo. Ule ufunguo ulikuwa unalala ofisini. Kila asubuhi khalto alienda kuuomba mlangoni kama mtoto anayetaka ruhusa ya kwenda choo, na mimi jambo hilo lilikuwa linaniuma kuliko hata yale maneno ya kinyozi.

Maana mjue huyu mama ni nani. Vita vilipotutawanya, sisi tulikimbilia Kenya, yeye akaangukia Uganda, na huko akajifunza kuendesha trekta kwenye shamba la miwa. Aliporudi nyumbani hakuna aliyempa hata toroli. Miaka mingi aliuza chai pale Nesitu, anawamiminia madereva wa malori huku anasikiliza injini zao, anamwambia huyu gia yako ya tatu inalia, yule kaza mkanda wako. Walikuwa wanacheka, wanakunywa, wanaondoka. Halafu shule hii ya Buluk ikapata trekta ndogo ya kukatia nyasi, ndogo kiasi kwamba ukisimama kando unamgusa dereva bega. Khalto akaja kuomba kazi na gauni lake la kanisani. Vijana wa getini wakapiga kelele, "Mama, hiyo si cherehani!"

"Leteni suruali zenu," akawajibu, "nishone na hiyo midomo." Akapanda, akawasha, akaondoka.

Mimi ni fundi wa jenereta na pikipiki kule Sherikat. Sijafundishwa na mtu. Nilifungua, nikaharibu, nikafunga tena, na nilipokwama nikauliza simu. Ndiyo maana nilikuja kumsaidia khalto kunoa visu vya trekta, na ndipo matatizo yalipoanzia.

Chini ya hiyo trekta, kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, linaning'inia sanduku pana la chuma lenye visu vya kuzunguka. Kwenye simu wanaliita deki. Nilipomwambia khalto, alicheka mpaka akakaa chini. "Deki ni ya kupiga sakafu!" Yeye huliita tumbo, basi ni tumbo. Tulikuwa tumelishusha tumbo ili ninoe visu, kisha tukalirudisha kwa macho tu, tukakimbilia kukata. Macho yangu na ya khalto hayakubaliani hata kwenye chumvi ya mchuzi. Tumbo likakaa upande.

Kesho yake tukaanza kulisawazisha. Kwanza upepo wa magurudumu, maana gurudumu moja likiwa legevu unapima uongo mtupu. Halafu tukatafuta mahali tambarare. Jaribu kutafuta mahali tambarare Juba! Tulipeleka trekta kwenye simiti ya uwanja wa basketi. Nikachukua mpira mwembamba wa maji, ule unaoonyesha ndani, wanaoutumia mafundi wa nyumba kupimia usawa, na tukakuta simiti yenyewe inateremka kuelekea mtaro. Tulihangaika hadi tukapata kipande kimoja karibu na stoo ambacho maji yalikubali kutulia. Khalto akazima injini, akachomoa ufunguo, akauvaa shingoni kwa kamba. "Ukiwa hapa," akasema akigonga kifua, "hakuna mjinga atawasha wakati mkono wako iko ndani."

Tumbo linashikwa na vyuma vinne, kila kimoja na nati yake. Nikavaa magunia mikononi, nikageuza kisu kiangalie kulia na kushoto, tukapima kutoka ncha hadi chini. Kushoto kulikuwa chini sana. Nikakaza, tukapima, nikalegeza, tukapima. Pande zote mbili zikalingana, khalto akanipiga mgongo kofi la furaha lililoniacha nakohoa.

Zikabaki nati za mbele. Hapo mimi nilikuwa gizani, kwa sababu jamaa mmoja wa video niliyekuwa namfuata kwenye simu, bando yangu ilimkatia kabla hajafika mbele. Lakini khalto alikuwa anajua. Akalala upande mmoja wa trekta, mimi upande wa pili, hatuonani.

"Shusha mbele," akasema. "Sawa-sawa!"

Nikashusha. Nikapima kwa fimbo: mbele, nyuma. Mbele na nyuma zilipofika kimo kimoja, nikaita, "Sawa!"

"Sawa!" akaitikia.

Tukainuka, tukafuta vumbi, tukanunua mandazi.

Alhamisi tukajaribu kipande nyuma ya madarasa. Ngazi zimekwisha, nikaanza kutamba. Lakini baada ya chakula cha mchana ile nyasi ikabadilika, ncha zake zikawa nyeupe kama zimeungua, na mafungu ya nyasi iliyosagika yamelala kila mahali kama matapishi ya ng'ombe. Na nani anakuja? Mwalimu mkuu, na viatu vyake vyeusi.

"Iko sawa!" nikamwambia kabla hajafungua mdomo.

"Iko sawa, Madam," khalto naye akasema, lakini polepole.

Mwalimu mkuu akainama, akachuma jani moja, akalitazama. "Hili halikukatwa, limetafunwa. Sawa gani hii? Kijana, wewe sawa yako ni ipi?"

"Mbele na nyuma ziko kimo kimoja. Hiyo ndiyo sawa."

Khalto akanigeukia. "Kimo kimoja? Nani alisema kimo kimoja?"

"Wewe! Ulisema shusha mbele, sawa-sawa!"

"Sawa-sawa ni pamoja! Mimi na wewe, tuzungushe pamoja! Hiyo Kiarabu ya hapa, wewe jena ya Kenya!"

"Sasa mbona nilipoita sawa ukajibu sawa?"

"Nilijua umefika! Mbele inatakiwa iiname kidogo. Ng'ombe anakula majani kichwa iko juu? Umeona wapi ng'ombe namna hiyo? Huko Kenya?"

"Khalto, usiingize ng'ombe!"

"Naingiza! Na mbuzi pia naingiza!"

Tukasikia sauti ya ajabu. Mwalimu mkuu alikuwa anacheka, amejishika tumbo, lile jani bado liko mkononi. Sikujua kama ana mwanya. Alipomaliza akafuta macho, akawa yeye tena. "Kesho jioni nakuja kuangalia," akasema. "Na ninyi wawili mchague lugha moja."

Tukarudi kwenye kile kipande chetu cha simiti. Khalto akatangaza kwamba neno hilo ni marufuku, atakayelitamka anabeba maji. Tukatumia "endelea" na "simama." Tukashusha mbele, yeye kule mimi huku, mpaka ncha ya mbele ikawa chini ya ile ya nyuma kwa unene wa kidole chake kidogo. Alinieleza, na safari hii nilifunga mdomo nikasikiliza: kisu kinakata mara moja pale mbele, kikizunguka nyuma kinapita juu bila kugusa. Mbele na nyuma zikilingana, kinakata halafu kinarudi kutafuna kilichokwisha kukatwa. Kisha tukazibana nati zisilegee.

Ijumaa alikata uwanja mzima peke yake. Mimi nilikaa kwenye ngazi za darasa nikimwangalia, mgongo umenyooka, kitambaa cha kichwa kimefungwa kwa nyuma, anageuza pembeni kama anageuza chapati. Nyuma yake nyasi ililala kijani kitupu.

Jioni mwalimu mkuu akaja. Akavua viatu, akaviacha kando ya mstari, akaingia uwanjani miguu mitupu. Akatembea hadi goli la mbali, anakanyaga polepole, mara anasimama anasugua unyayo. Mimi nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumwambia akithubutu kutaja kuuza, maneno mengine hayafai kanisani. Khalto alikuwa ameushika ule ufunguo shingoni kwa mikono miwili.

Mwalimu mkuu akarudi. Miguu yake imejaa vipande vya majani.

"Iko sawa, Madam?" khalto akauliza, halafu akaziba mdomo.

"Iko sawa, Mama. Ya Kenya na ya hapa."

Akavaa viatu, akaanza kwenda ofisini. Khalto akashtuka, akaivua kamba haraka hadi ikanasa kwenye kitambaa. "Madam! Ufunguo!"

Mwalimu mkuu hakugeuka. "Kaa nao, Mama. Nikikaa nao mimi, nitaendesha nini?"

Khalto alibaki na mkono umenyooshwa. Mimi nikaruka, nikapiga kelele ambayo nafikiri ilifika hadi daraja la mtoni.

"Khalas, nyamaza," akasema, anairudisha kamba shingoni. "Watu watafikiri kuna msiba. Nenda lete maji. Tumbo imejaa nyasi."

"Wewe ndiye uliyesema sawa. Maji ni yako."

Akanitazama. Nikaenda kuchota.